Shangazi, nimeharibu siku yangu ya kwanza kwenye gofu, nirudi Mwanza au nibaki?

Shikamoo shangazi. Naomba kama inawezekana unijibu leoleo, maana kesho alfajiri natakiwa niwe uwanjani na hadi sasa hivi sijui kama niende au nipande basi nirudi zangu nyumbani.

Mi ni mwanafunzi wa uandishi wa habari mwaka wa pili, chuo kipo Mwanza, nina miaka 22. Nimekulia Kayenze, mama yangu anauza dagaa, anawapeleka soko la Mwaloni pale Kirumba. Sasa hivi nipo field wiki ya tano kwenye chombo kimoja cha habari cha mtandaoni, naomba nisikitaje. Kazi zangu zilikuwa mpira, ndondo za mitaani na mara mojamoja mechi za ligi uwanja wa Kirumba, na nilikuwa naenda vizuri tu, mhariri alishanisifia mbele ya watu. Sasa yule kaka wa dawati la michezo akaugua, mhariri akaniita akaniambia kuna mashindano ya gofu ya wachezaji wa kulipwa upande wa majirani, pembeni ya ziwa hilihili letu, Alhamisi mpaka Jumapili, nauli ipo, pa kulala papo, utaenda wewe. Nikasema ndiyo. Sijawahi kushika fimbo ya gofu shangazi, lakini nilijiambia mchezo ni mchezo.

Nikapanda basi Nyamhongolo, Sirari tukavuka mpaka, nikafika nimechoka. Leo asubuhi saa mbili nipo getini najiona nimewahi kumbe watu wanacheza toka saa moja kasoro. Wakanipa beji na kitambaa cha kufunga mkononi, wakanipa na karatasi ya makundi, watatu watatu, wengine wanaanzia shimo la 1 wengine shimo la 10, nikaikodolea macho nikaona majina kibao na nalijua moja tu, la kaka mmoja niliyewahi kumsikia redioni. Nikaamua namfuata huyohuyo. Kwenye mpira nakaa sehemu moja naona kila kitu, huku nasikia watu wanashangilia kule nyuma ya miti, nikikimbilia huko nasikia wanashangilia nilikotoka.

Sasa kwenye shimo la 14, hili lipo karibu kabisa na maji. Mpira wa yule kaka umekaa vizuri kwenye nyasi fupi, kedi wake, yule anayembebea begi la fimbo, mzee mmoja makamo ya baba yangu, akamnong'oneza kitu akarudi nyuma na begi. Mi nipo kama hatua nane upande wa kulia. Nikanyanyua simu nikisubiri fimbo ifike juu kabisa maana nilijua hapo ndio picha inapendeza, nikabonyeza. Mlio sikuzima. Shangazi kulikuwa kimya mpaka unasikia ndege, ule mlio ulitoka kama mtu kakanyaga kijiti kikavu, na fimbo ilikuwa ndio inaanza kushuka. Mpira ukakata kulia ukaingia majini, nikaona yale maduara ya maji yanapanuka mpaka kwenye matete. Hakunitukana. Aliniangalia tu halafu akainama akaokota kinyasi kilichong'oka akakirudisha palepale kilipotoka akakikanyaga kwa kiatu taratibu. Mzee akapita karibu yangu akaniambia kwa sauti ya chini, "binti, siyo wakati ule," akaendelea kufuta fimbo na taulo. Shimo lile la mikwaju 4 kaka wa watu akamaliza na 6.

Nikatoka pale natetemeka, nikaenda kukaa karibu na shimo la 18. Saa nane mchana hivi mchezaji mwingine wa kundi la asubuhi akamaliza, watu wanasema sitini na sita, sitini na sita, ndio anaongoza, nikaona hapa angalau nipate stori nimfurahishe mhariri. Nikaandika palepale kwenye simu, "Aongoza siku ya kwanza kwa pointi 66", nikatuma, ikapandishwa ndani ya dakika kumi. Jioni naenda kuangalia ubao wa matokeo nakuta yule bwana ameandikiwa 67, na anayeongoza ni mwingine kabisa aliyecheza mchana, huyo ndio mwenye 66. Na ile "pointi" watu wameishikilia, kila mtu ananiuliza gofu na pointi wapi na wapi. Mhariri kanipigia amekasirika, kasema nimekitia aibu chombo, kasema stori ataifuta kimyakimya na mimi nifikirie kama naiweza hii kazi.

Sasa shangazi, nimuombe radhi yule mchezaji au nitazidi kumvuruga? Stori ikifutwa yameisha au hayajaisha? Na kesho niende kweli, au nirudi Mwanza nikaendelee na mpira ninaoujua?

Binti wa Kayenze

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba ng'wanawane. Barua yako nimeipata saa tatu usiku na nimekujibu usiku huohuo kwenye namba yako, hapa naiweka na wengine wasome maana field zimeanza na najua hauko peke yako.

Usirudi. Basi la asubuhi liache liende. Ila kabla hujalala una kazi moja, na kazi yenyewe ndio inayoniuma kuliko hata ile ya picha.

Mpigie mhariri wako sasa hivi, shikamoo yako kwanza, halafu mwambie naomba tusiifute, tuisahihishe. Stori ikifutwa kimyakimya waliosoma saa nane wamebaki na uongo wako kichwani na hawatajua, na yule bwana wa 67 kesho anaulizwa na ndugu zake mbona uliongoza halafu hukuongoza. Muandikie mhariri masahihisho mwenyewe usimwachie yeye, mafupi, hivi: "Taarifa yetu ya mchana ilisema fulani ameongoza siku ya kwanza kwa pointi 66. Matokeo rasmi ni mikwaju 67. Anayeongoza baada ya raundi ya kwanza ni fulani, kwa mikwaju 66. Tunaomba radhi kwa wachezaji na wasomaji." Yakae juu kabisa ya stori ileile. Usieleze kwamba ulikuwa umechoka, usieleze kwamba ni mara ya kwanza, msomaji hayo hayamsaidii. Akikataa, umeomba, na kwenye lojibuku yako ya field andika kilichotokea kama kilivyo.

Sasa nikueleze ile 66 ilikupotea wapi, maana hapa ndipo gofu inapoachana na mpira. Uwanjani Kirumba refa akipuliza filimbi matokeo ni yale ubaoni. Kwenye gofu mpira wa mwisho ukiingia shimoni hakuna matokeo bado, kuna kelele za watu tu. Mchezaji anaingia kwenye chumba au hema la kadi, anakaa na mwenzake aliyekuwa anamwandikia, wanapitia shimo moja moja, anasaini, anakabidhi. Hapo ndipo namba inazaliwa. Na humo ndani namba zinabadilika kihalali kabisa, kwa mfano mchezaji anasema pale kwenye majani marefu nilipokuwa najiweka sawa niliugusa mpira ukasogea, mkwaju mmoja wa adhabu, hata kama hakuna mtu aliyemuona. Wachezaji wanajishtaki wenyewe mwanangu, mchezo umejengwa hivyo. Ile 66 kuwa 67 inawezekana kabisa ni kitu cha namna hiyo, na kama ungesubiri robo saa mlangoni pale ungekuwa na stori nzuri kuliko ya wote waliokuwepo.

Ukitaka kujua ile kadi ina nguvu kiasi gani, kuna Roberto De Vicenzo wa Argentina. Mwaka 1967 alishinda The Open kule Uingereza, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu, kwa hiyo hakuwa mgeni. Mwaka uliofuata, 1968, yupo Augusta kule Marekani kwenye Masters, mashindano mengine makubwa, siku ya mwisho, tena ndio siku aliyotimiza miaka 45. Shimo la 17 akapiga mikwaju 3, dunia nzima imeona, televisheni imeonyesha. Mwenzake Tommy Aaron aliyekuwa anamwandikia akaandika 4. De Vicenzo akasaini bila kuona. Kanuni inasema ukisaini namba kubwa kuliko uliyopiga, hiyo kubwa ndio yako, na ukisaini ndogo kuliko uliyopiga unaondolewa mashindanoni. Kwa hiyo 65 yake ikawa 66, Bob Goalby akawa bingwa, wakati wangekuwa sare na wangerudiana kutafuta mshindi. Fikiria mwandishi aliyetuma habari ya sare kabla kadi haijasainiwa. Toka leo usiandike "amemaliza na" mpaka namba iwe rasmi ubaoni, na kama mhariri anakusukuma kwa haraka mwandikie "matokeo ya awali, kadi bado haijakabidhiwa" na makundi mangapi bado yapo uwanjani.

Na hilo neno pointi liache kabisa kwa mashindano kama haya. Ni mikwaju, na mwenye michache ndio yuko juu. Ila usimpe msomaji namba kavu, mpe na kipimo chake. Pari ni idadi ya mikwaju inayotarajiwa, ya shimo moja au ya kiwanja kizima. Kama kiwanja ni pari 72, basi 66 ni 6 chini ya pari, na hiyo alama ya kutoa ubaoni ni jambo jema siyo deni. Shimo la pari 4 ukimaliza kwa 3 ni bedi, kwa 5 ni bogi, yule kaka wako aliyemaliza na 6 ni bogi mbili, yaani mikwaju miwili juu ya pari. Msomaji wa Igoma au Buzuruga anaelewa vizuri sana ukimwambia hivyo mara moja mwanzoni mwa stori, halafu usirudie tena.

Haya, picha.

Ulichofanya ni kosa kubwa na sitakupunguzia, na sababu iko hivi. Yule kaka ni mchezaji wa kulipwa, hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Amelipa nauli, analala kwa hela yake, kedi anamlipa yeye. Mashindano ya siku nne ni raundi nne, mashimo 72, na baada ya raundi mbili kuna mchujo, wanaopita wanacheza Jumamosi na Jumapili wanagawana zawadi, na aliyekatwa mara nyingi anarudi nyumbani mikono mitupu. Mkwaju mmoja ndio tofauti. Na kanuni hazimpi kurudia eti kwa sababu simu ililia, mpira ukishaingia majini umeingia, na adhabu juu. Ndio maana unaona wapiga picha wa gofu wamesimama kama nguzo za umeme. Hawabonyezi mpaka fimbo imegonga mpira. Picha ya fimbo ikiwa juu iache, ipige baada ya kugonga, mwili umegeuka, macho yanafuata mpira, hiyo ndio yenye sura ya mtu ndani. Simu zima mlio na mtetemo pia. Usisimame nyuma yake kwenye mstari anakoelekea kupiga, na kwenye grini, zile nyasi fupi kabisa kuzunguka shimo, angalia kivuli chako, jua la jioni linarefusha kivuli cha mtu mpaka kwenye shimo bila yeye kujua. Mchezaji akishasimama kwenye mpira na wewe ulikuwa unatembea, ganda palepale ulipo hata kama mguu mmoja umeuma.

Kuomba radhi, muombe, ila siyo asubuhi kabla hajacheza. Asubuhi mtu anatafuta utulivu, ukimtokea utamrudisha majini tena. Anza na yule mzee. Mwandishi mgeni anamuona kedi kama mbeba begi tu, kumbe begi lina fimbo mpaka 14 na yule mzee ndiye anayejua kila moja inafika yadi ngapi, upepo unatoka wapi, mwenye fimbo leo ameamka na hali gani. Na wapro wengi wa kwetu huku walianzia hukohuko kwenye kubeba mabegi, kwa hiyo unaweza kuta unaongea na mtu anayecheza kuliko nusu ya wanaoangalia. Mwaka wangu wa kwanza kuripoti gofu nilikuwa Lugalo, Dar, kile kiwanja cha jeshi, kilichonifundisha siyo kitabu, ni kedi mmoja aliyenichorea grini mchangani kwa kijiti akanionyesha mteremko unakula mpira wapi. Mzee wako alikuambia "siyo wakati ule", kwa sauti ya chini, hakukufukuza. Alikuwa anakufundisha. Kesho mwendee akiwa anasafisha fimbo, shikamoo baba, mimi ndiye wa jana, nimezima mlio. Basi, usiongeze.

Sasa kazi yenyewe ya kesho. Usifuate jina. Najua ni rahisi, lakini kiwanja kina makundi kibao na miguu unayo miwili. Kenya Open imeanza mwaka 1967, na mwaka 2000 ilishindwa na kijana wa Afrika Kusini wa miaka 20, Trevor Immelman. Miaka minane baadaye, 2008, huyohuyo akashinda Masters. Waliokuwa wanakimbizana na majina makubwa siku ile walimpita. Wewe tembea na kundi moja mashimo matatu manne asubuhi upate harufu ya siku, halafu kaa sehemu ambayo makundi yote yanapita, shimo la 9 na la 18, karibu na wanapokabidhi kadi. Beba daftari siyo simu tu. Mchezaji akitoka kusaini usimuulize unajisikiaje, muulize shimo moja, ulitumia fimbo gani, ilikuwa yadi ngapi, uliona nini. Hawa watu wanakumbuka kila mkwaju, ukimuuliza hivyo atakusimulia mpaka utachoka kuandika.

Na kuna kitu kimoja unacho ambacho waandishi waliotoka miji ya mbali hawana, nashangaa hukukiona. Umekulia Kayenze. Unaujua upepo wa ziwa toka ukiwa mgongoni kwa mama. Asubuhi maji yametulia, mitumbwi ya dagaa inaingia, mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji na upepo unageuka, unavuma kutoka ziwani kuingia nchi kavu, kila muanika dagaa anaujua. Sasa rudi kwenye ubao wa leo. Yule wa 67 alicheza asubuhi kwenye utulivu, yule wa 66 alicheza mchana upepo ukiwa umeamka. Hizo namba mbili zinatofautiana kwa mkwaju mmoja kwenye karatasi lakini kazi waliyofanya hailingani hata kidogo. Kwa kawaida raundi ya pili makundi yanageuzwa, aliyeanza asubuhi leo anaanza mchana kesho, angalia karatasi yako uhakikishe. Kama ndivyo, stori ya kesho asubuhi unaweza kuianza usiku huu: je 67 itasimama upepo ukimkuta? Hiyo huwezi kuipata kwenye ubao, unaipata kwa kuangalia bendera ya shimo na nyasi unazorusha juu uone zinaanguka upande gani.

Kesho ni Ijumaa, siku ya mchujo. Wahariri wengi wanataka kiongozi tu, kiongozi mpe aya mbili. Halafu shuka chini ya ubao kwenye ule mstari, waliosimama pale ukingoni, hao ndio siku yao kesho. Waulize waandaaji mapema mchujo unachukua wangapi na sare inahesabiwaje, uandike kwenye daftari kabla ya saa nne, maana jioni kila mtu atakuwa anapiga hesabu kichwani na wengi watakosea.

Na nina hakika utamkuta na yule kaka wa shimo la 14 maeneo hayohayo. Zile bogi mbili zimemuweka hapo. Kwa hiyo kesho akifika shimo la mwisho simama mbali, nyuma ya kamba, simu mfukoni, mwangalie anavyomaliza. Muache aingie kwenye kadi, muache asaini, muache anywe maji. Akitoka, awe amepita au amekatwa, msogelee umwambie kaka jana ni mimi, samahani, sitarudia. Halafu muulize kuhusu kile kinyasi alichokirudisha, kwa nini alifanya vile wakati mpira wake upo majini. Akikujibu andika alivyosema, kama alivyosema, unitumie na mimi nisome.